Sumu ya muhogo mchungu: maziwa, sukari na mkaa vinasaidia kweli, au tunajifariji tu?

#1 MkulimaWaKusini
Habari wakuu, naenda moja kwa moja kwenye hoja.

Wiki hii kijijini kwetu huku Mtwara familia ya jirani walikula bada (ugali wa muhogo) mchana. Kufika jioni watoto wawili wanatapika na kulalamika kizunguzungu, wa tatu kalegea hata kukaa hawezi. Baba na mama yao kichwa tu kiliwauma. Unga ulitokana na muhogo mchungu uliong'olewa kabla ya wakati wake, maana mvua zimegoma na ndani hakuna kitu.

Majirani tukajaa, kila mtu na dawa yake. Mmoja kaleta maziwa, mwingine kakoroga sukari kwenye maji, bibi mmoja kasaga mkaa wa jikoni, mwingine anashikilia watapishwe kwa maji ya chumvi. Mwisho wakapakiwa kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya, wakapewa oksijeni na dripu. Kesho yake wamerudi wanacheza.

Sasa kijiji kimegawanyika. Wapo wanaoapa kuwa maziwa ndiyo yaliyowaokoa, wapo wanaosema ni dripu. Ukweli uko wapi? Na la pili, ambalo linaniumiza kichwa zaidi: chungu kimoja, kwa nini watoto wadhurike na wazazi wasalimike?

#2 Pilipili Hoho
Naweka kambi hapa. Wajuzi tiririkeni.

#3 Mzee Kirungu
Maziwa. Tangu wazee wetu maziwa yanakata sumu yoyote. Dripu ilikuta kazi imekwisha.

#4 Tabibu wa Zamu
Shikamoo mzee Kirungu. Kwa heshima zote, hapana.

Muhogo haubebi sianidi, yaani sumu yenyewe, iliyo tayari. Unabeba kitu kinaitwa linamarini, na pembeni yake, kwenye sehemu nyingine ya seli hiyohiyo, kuna kimeng'enya cha kuivunja. Ukiukwaruza, ukiuponda au ukiutafuna vinakutana, sianidi inatoka. Unga ambao haukuandaliwa vizuri unaingia tumboni na linamarini yake, halafu bakteria wa utumbo wanaivunja polepole. Ndiyo maana bada ya mchana inaleta balaa jioni. Aliyekunywa sianidi ya machimbo ya dhahabu hasubiri jioni, huyo anaanguka ndani ya dakika.

Ikishafika kwenye seli inaziba hatua ya mwisho ya kutumia oksijeni. Damu inakuwa na oksijeni tele, ila seli haziwezi kuichukua. Kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kusoma 98 huku mtoto anakata roho, kwa hiyo msidanganyike nacho.

Kinachofanyika hospitali: njia ya hewa iwe wazi, oksijeni ya kutosha bila kubania, dripu, glukosi kama sukari imeshuka, dayazepamu akipata degedege. Kwa wengi waliokula muhogo hayo yanatosha kabisa, kwa sababu mwili wenyewe una uwezo wa kuisafisha sianidi ukipewa muda. Akizidiwa ndipo zinaingia dawa za kukata sumu yenyewe.

Maziwa hayana kitu cha kushika sianidi. Na mtoto aliyelegea ukimnywesha kwa nguvu yanamwingia mapafuni. Hapo umetengeneza ugonjwa wa pili.

#5 Kimbunga
Tabibu kaja na mzigo 😂😂 Mzee Kirungu, jibu hoja.

#6 Mzee Kirungu
Marahaba mwanangu. Mimi seli sikuzisoma, mimi nimeona kwa macho. Miaka ya njaa tulichimba ndiga porini. Asiyezijua alizipika siku hiyohiyo akalewa, akaona watu wasiokuwepo. Alipewa maziwa, akalala, akaamka mzima. Nyinyi mnasema nini?

#7 Nyota ya Ziwa
Mzee ndiga ni habari nyingine. Kile ni kiazi kikuu cha mwituni, sumu yake inaitwa dioskorini na inapiga kwenye ubongo: ulevi, degedege. Sianidi haimo. Wenye ujuzi wanazikata vipande vyembamba na kuzilaza kwenye maji yanayopita kwa siku kadhaa kabla ya kupika. Aliyelewa akalala akaamka, amepona kwa kuwa alikula kidogo. Kama angepewa uji wa chumvi tungesema uji wa chumvi ndiyo dawa.

#8 Mzee Kirungu
Na kama asingepewa chochote akafa, ungesemaje?

#9 Kimbunga
Goli 😂

#10 KemiaDarasani
Msidharau sukari, wakuu. Glukosi inashikana na sianidi, hilo ni la kikemia. Kuna stori maarufu ya yule Mrusi Rasputin, mwaka 1916 alilishwa keki zenye sianidi asife, na wapo wanaoeleza kuwa sukari ya kwenye keki ndiyo iliyoikamata sumu. Kwa hiyo bibi wa maji ya sukari hakukosea sana.

#11 Nyota ya Ziwa
Ndugu KemiaDarasani, stori ya keki ilitoka mdomoni mwa muuaji mwenyewe, Yusupov, aliyekuwa na kila sababu ya kuinogesha. Binti wa Rasputin akaja kusema baba yake vitu vitamu hata hakuwa anakula. Tunalolijua ni kwamba alipigwa risasi. Usitulishe keki ya watu.

Na hata huo ushikanaji wa glukosi ni wa polepole na ni dhaifu. Hospitali wanatoa glukosi kwa sababu mtoto aliyetapika tangu jioni sukari yake imeshuka.

#12 KemiaDarasani
Sikusema ni dawa kamili, nimesema hakukosea SANA.

#13 MamaMakopa
Mnajadili dawa na unga wenyewe hamjauulizia. Mleta uzi, makopa (muhogo mkavu wa kusaga) yaliandaliwaje? Walivundika? Waliloweka? Au walimenya, wakaponda, wakaanika, jioni wakasaga?

#14 MkulimaWaKusini
Asante dada MamaMakopa. Nimewauliza. Walimenya asubuhi, wakatwanga, wakaanika, wakatwanga tena, wakaanika. Siku ya pili bada mezani. Njaa, dada yangu.

#15 Mwana wa Masasi
Hiyo sisi tunaiita chinyanya, na si ya leo. Mwaka 1988 Masasi watu walidhurika kwa njia hiyohiyo, wataalamu wakaja wakaandika. Hali ilikuwa kama hii ya mleta uzi: chakula kimeisha, muhogo mchungu ndio uliobaki shambani, na hakuna wa kusubiri makopa yakauke wiki mbili. Wazee walijua fika kwamba chinyanya ina hatari. Walikula hivyohivyo.

Kinachonishangaza ni kwamba kutwanga na kuanika kunaitoa sumu kweli, na unapofanya kwa uvumilivu unafanikiwa. Ukikatisha katikati, unakula nusu ya kazi.

#16 Tabibu wa Zamu
Umenena mkuu. Na ukame unaongeza tatizo, kwa sababu mmea uliokosa maji unajilimbikizia linamarini zaidi. Shamba lilelile, mbegu ileile, mwaka wa mvua unakula salama, mwaka wa jua unaumia.

#17 Mjukuu wa Makueni
Kwani si hii sumu ndiyo iliua watu huku Ukambani 2004? Nakumbuka Makueni na Kitui, watu zaidi ya mia.

#18 Nyota ya Ziwa
Hapana kaka. Ile ilikuwa aflatoksini kwenye mahindi, sumu ya kuvu. Wagonjwa 317, vifo 125. Inaua ini, mtu anakuwa njano, na inachukua siku na siku. Ya muhogo ni ya saa chache na wala haigusi ini kwa namna hiyo. Usichanganye, maana hata matibabu ni tofauti.

#19 Mjukuu wa Makueni
Sawa, shukran.

#20 Mpita Njia
Na Kasese Uganda 2017 walikufa 98 msibani kwa ugali wa muhogo. Tuache utani, hii kitu inafuta ukoo.

#21 MaabaraMan
Mpita Njia, 98 ni walioumwa. Waliofariki ni 2. Msiba ulikuwepo, ni kweli, Septemba 2017, na unga ulifuatiliwa. Vipimo vilitoa wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo moja ya unga, wakati kiwango kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani ni 10.

Sasa piga hesabu. Mtu mzima wa kilo 50 akila unga robo kilo na ushee, tuseme gramu 300, ameingiza kama miligramu 26. Ni nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili wake. Vitabu vinaweka dozi ya kuua kati ya 0.5 na 3.5 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15 akila gramu 150 tu anapata karibu 0.9. Hapo ndipo jibu la swali la pili la mleta uzi lilipo: chungu ni kimoja, miili si mmoja.

#22 Tabibu wa Zamu
Hesabu nzuri, ila usiifunge hapo. Siyo linamarini yote inayovunjwa. Nyingine inapita na kutoka kwenye mkojo ikiwa nzima. Na hiyo inayovunjwa haiji kwa mkupuo. Mwili una kimeng'enya kinachoitwa rodanesi, kinachukua salfa kutoka kwenye protini na kuigeuza sianidi kuwa thayosayaneti, inakojolewa. Kwa hiyo kila mtu ni mbio kati ya kasi ya kuingia na kasi ya kusafisha. Aliyekula maharage na samaki ana salfa. Anayeshindia bada na mlenda wiki nzima hana akiba.

#23 MkulimaWaKusini
Hapo kwenye samaki umenigusa. Baba mtu alikuwa na dagaa kwenye sahani yake. Watoto walikula na mchuzi mtupu.

#24 BintiPwani
😒 Hapo ndipo penye sumu yenyewe. Baba dagaa, watoto mchuzi.

#25 Kimbunga
Uzi unahamia ustawi wa jamii.

#26 Mwana wa Masasi
Lakini dagaa wa mlo mmoja hawawezi kumwokoa mtu saa nne baadaye, au vipi Tabibu? Nionavyo mimi, watoto walianza kuumia asubuhi. Muhogo unapomenywa watoto wanazunguka, wanaokota vipande vibichi, wanatafuna. Uchungu kidogo hawaoni shida. Wazazi hawawezi kujua.

#27 Tabibu wa Zamu
Dagaa wa mlo mmoja sina uhakika nao. Akiba ya protini inajengwa kwa siku nyingi. Hoja yako ya vipande vibichi ina nguvu, kwani kibichi kinatafunwa na kimeng'enya chake kikiwa hai.

#28 MaabaraMan
Ongezeni na la tatu: mizizi ya shina moja inaweza kutofautiana sana kwa kiwango cha sumu, sembuse mashina mawili. Unga haukuchanganyika sawasawa, sahani ya huyu siyo ya yule.

#29 KijanaWaBukavu
Jambo ndugu zangu. Naandika toka Kongo. Kwetu hatushangai wa kutapika, tunashangaa wa konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza, hatembei tena vizuri maisha yake yote, na hakuna dawa ya kuirudisha. Ni sianidi hiyohiyo, ila ya kidogo kidogo wiki kwa wiki kwa mtu asiye na protini. Daktari Mtaliano Trolli aliandika juu yake kule Kwango tangu 1938. Msumbiji, Nampula, 1981 walipata zaidi ya watu 1,000. Na nyinyi Watanzania mlikuwa nayo Tarime 1985.

Kule Bandundu kulitokea kitu cha kusikitisha. Barabara ya kwenda Kinshasa ikatengenezwa, malori yakaja, bei ikapanda. Akina mama waliokuwa wanaloweka muhogo siku 3 wakashusha mpaka siku 1 ili wawahi lori. Konzo ikafuata barabara. Hakuna ukame wala vita hapo. Ni soko tu.

#30 MamaMakopa
Huyu Mkongo kasema jambo. Hata huku kanda ya ziwa udaga (muhogo wa kuvundikwa na kukaushwa) wa dukani siku hizi hauna ile harufu. Wanaharakisha.

#31 Jirani Mwema
Mimi nina swali ambalo mtaona la kichokozi. Mna uhakika gani kuwa ilikuwa sianidi? Ufilipino, kisiwa cha Bohol, Machi 2005, watoto wa shule walikula vitafunwa vya muhogo vya kukaanga, wakafa 27. Dunia nzima ikasema muhogo, muhogo. Kupima, wakakuta kiuatilifu cha kundi la kabameti. Muhogo ulisingiziwa mpaka maabara ilipoongea.

Mleta uzi, hayo makopa yalianikwa juu ya nini?

#32 MkulimaWaKusini
Dah. Mifuko ya viuatilifu vya korosho, kama kila mtu huku. Ile ya salfa, na mingine siijui.

#33 Jirani Mwema
Basi.

#34 Kimbunga
Salfa si ndiyo Tabibu kasema mwili unaitaka? Mfuko umewatibu 😂😂

#35 Tabibu wa Zamu
Kimbunga nenda kalale. Salfa ya unga wa kupulizia korosho mwili hauwezi kuitumia namna hiyo.

Jirani Mwema kauliza swali ambalo sisi kwenye zamu tunapaswa kuliuliza kila mara. "Wamekula muhogo" haitoshi kuwa jibu la uchunguzi. Tazama mboni. Sumu za wadudu za kundi la kabameti na ogano-fosfeti zinafinya mboni mpaka zinakuwa nukta, mate na jasho vinatiririka, mapafu yanajaa majimaji, na dawa yake ni atropini. Mnanaha, ule mmea wa porini wenye sumu, ni kinyume chake: mboni zimetanuka, mdomo mkavu, ngozi ya moto, mtu anaongea na ukuta, na atropini ndiyo hasa usimpe, maana sumu ya mnanaha ni ya ukoo wake. Sianidi haina alama moja ya kujitangaza: kupumua kwa kasi, kichwa, kutapika, kulegea, degedege. Wanasema kuna harufu ya lozi chungu, ila watu wengi kimaumbile hawawezi kuinusa, usiitegemee.

Mkulima, kituoni waliandika nini kuhusu mboni?

#36 MkulimaWaKusini
Cheti kina neno moja, sumu. Mama mtu anasema mate hayakuwatoka, midomo ilikuwa ya kawaida. Macho hakuangalia.

#37 Jirani Mwema
Bila maabara tutazunguka hapahapa.

#38 Nyota ya Ziwa
Tabibu umetaja mnanaha, ngoja nichomekee. Karamoja, Uganda, mwaka 2019, unga lishe wa msaada uliingiliwa na sumu za mmea huo, watu zaidi ya 300 wakaugua na wengine wakafariki. Mbegu za mnanaha zikivunwa pamoja na soya au mtama huwezi kuzitenga kwa macho ya haraka. Kwa hiyo hata unga uliofungwa vizuri kwenye mfuko siyo hati ya usalama.

#39 Mwanakilifi
Huku kwetu tunakula muhogo wa kuchemsha na pilipili ya ndimu kila siku ya Mungu, na hatufi. Mnatisha watu bure.

#40 MaabaraMan
Mwanakilifi, mnakula muhogo mtamu, aina kama kiroba, sumu yake ni kidogo na imekaa zaidi kwenye ganda mnalolimenya. Muhogo mchungu ukiuchemsha mzima ni hatari. Joto linakiua kile kimeng'enya mapema, halafu linamarini inabaki palepale maana yenyewe inahimili moto. Umemfukuza mlinzi, mwizi bado yumo ndani.

#41 BintiPwani
Kwa hiyo kisamvu je? Majani si yana sumu kuliko mizizi?

#42 MamaMakopa
Kisamvu kinatwangwa, mwanangu. Ukitwanga kwenye kinu mpaka kikalainika, majani yanajimaliza yenyewe, halafu unachemsha sufuria ikiwa wazi mpaka ile hewa itoke. Nawaona mabinti wa mjini wanakata majani kwa kisu, wanafunika, dakika ishirini wanamwaga tui. Hicho siyo kisamvu.

#43 MaabaraMan
MamaMakopa kasema kemia nzima bila kuitaja. Sianidi inageuka mvuke kwenye nyuzi 26 tu, joto la kawaida la chumbani. Ukishaitoa kwenye linamarini inajiondokea, mradi usiifunikie.

#44 Pilipili Hoho
Turudi kwenye tiba. Tabibu ulisema kuna dawa za kukata sumu. Zipi, na zipo?

#45 Tabibu wa Zamu
Kubwa ni mbili, na nusu.

Ya kwanza haidroksokobalamini. Ni ndugu wa vitamini B12. Inaikamata sianidi na kugeuka B12 kamili, inatoka kwa mkojo mwekundu wa kutisha ndugu wa mgonjwa. Mtu mzima anapewa gramu 5 kwenye mshipa kwa dakika 15 hivi, mtoto miligramu 70 kwa kilo. Ni salama na haina masharti mengi. Tatizo ni bei na upatikanaji, vituo vingi havijawahi kuiona.

Ya pili thayosalfeti ya sodiamu, gramu 12.5 kwa mtu mzima. Inampa rodanesi ile salfa anayoitaka. Ni rahisi, haina madhara makubwa, ila haina haraka. Kwa sumu ya muhogo inayoingia polepole, hilo la kukosa haraka linavumilika.

Ile nusu ni naitraiti ya sodiamu, inayotangulia thayosalfeti. Inabadilisha sehemu ya damu iwe methemoglobini, ikaivuta sianidi. Ila ukishaibadilisha damu hiyo haibebi tena oksijeni. Mtoto wa kwetu aliyeishiwa damu kwa malaria ukimpa naitraiti kwa kukisia unaweza kummaliza wewe mwenyewe. Ndiyo maana naiita nusu.

#46 KemiaDarasani
Kama ni ndugu wa B12, si tuchome sindano za B12 za duka la dawa? Ni bei ya kawaida.

#47 Tabibu wa Zamu
Nilijua utaleta hii. Za dukani mara nyingi ni sayanokobalamini, ambayo tayari imeshabeba sianidi yake, haina nafasi ya nyingine. Na hata ukipata haidroksokobalamini yenyewe, kichupa kina miligramu 1. Unahitaji vichupa 5,000. Anza kuhesabu.

#48 Kimbunga
😂😂😂 KemiaDarasani leo kapatikana.

#49 Mzee Kirungu
Thayosalfeti naijua mimi. Nilikuwa na studio ya picha za nyeusi na nyeupe, tulikuwa tunaloweka karatasi kwenye fiksa, chumvi nyeupe kama sukari ya mawe. Ndiyo hiyo?

#50 Tabibu wa Zamu
Ndiyo hiyo hasa mzee, kemikali ni ileile. Ila tafadhali mtu asichukue chumvi ya studio akaenda kumchoma mtu. Ya hospitali imesafishwa na kuuliwa vijidudu.

#51 Mzee Kirungu
Mimi nimeuliza tu. Nyinyi ndio mnaowaza sindano.

#52 Pilipili Hoho
Na mkaa?

#53 Tabibu wa Zamu
Mkaa wa tiba, ule uliotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, unaweza kutolewa mapema kwa mgonjwa anayejitambua na anayemeza vizuri, ingawa sianidi yenyewe inashikwa nao vibaya. Mkaa wa jikoni uliosagwa unachafua meno na kuchelewesha bodaboda.

#54 MkulimaWaKusini
Nimepata kitu kipya. Nimekaa na mama mtu leo. Yule mtoto aliyezidiwa kuliko wote ndiye ambaye HAKUNYWA maziwa. Wale wawili waliokunywa ndio waliokuwa na nafuu.

#55 Mzee Kirungu
Mmeona? Nimesema tangu mwanzo.

#56 Nyota ya Ziwa
Mzee taratibu. Alilegea hata kukaa hawezi, angemeza vipi? Hakunywa kwa sababu alizidiwa. Si kwamba alizidiwa kwa sababu hakunywa.

#57 Mzee Kirungu
Ulikuwepo?

#58 Nyota ya Ziwa
Sikuwepo.

#59 Mzee Kirungu
Basi sote hatukuwepo. Mama yake ndiye aliyekuwepo, na mama yake anasema maziwa.

#60 BintiPwani
Kwa hiyo mtu akiwa mbali na hospitali, usiku, afanye nini? Jibu la watu wa kawaida tafadhali.

#61 Tabibu wa Zamu
Usimtapishe. Usimnyweshe aliyelegea. Mlaze ubavu, hewa ipite, na ondoka naye mapema, usisubiri degedege. Akiacha kupumua msaidie kupumua kwa mfuko wa kupulizia hewa kama upo. Beba kibaba cha ule unga na kipande cha muhogo uliobaki, na useme umekaa kwenye mfuko gani. Wengine wote waliokula, hata asiyeumwa, muwaangalie mpaka kesho yake, maana wanachelewana.

#62 MaabaraMan
Hicho kibaba ni muhimu sana. Kuna kipimo cha karatasi ya pikrati, ni ya njano, ukiifungia kwenye kichupa na unga kidogo usiku mmoja, inageuka kahawia kadiri sianidi inavyozidi. Hakihitaji mashine kubwa. Mkulima, unga umebaki?

#63 MkulimaWaKusini
Walimwagia kuku.

#64 Jirani Mwema
Kuku wazima?

#65 MkulimaWaKusini
Mmoja kafa, ila huyo alikuwa anaumwa kideri tangu wiki iliyopita.

#66 Kimbunga
Hata kuku kakataa kutoa ushahidi 😂

#67 KijanaWaBukavu
Kwa wenye unga ndani sasa hivi na hawaumwi bado: kuna njia ya kulowesha unga. Ilienezwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na kwetu imefundishwa vijijini kwenye konzo. Unachanganya unga na maji mpaka uwe na unyevu wa kushikana, unautandaza kwenye beseni au mkeka unene usiozidi sentimita moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Ile hewa inatoka. Halafu unausonga siku hiyohiyo. Haiondoi yote, lakini inaipunguza mara kadhaa, na haihitaji kusubiri wiki.

#68 Mwana wa Masasi
Hii ingetufaa 1988. Saa 2 hata mwenye njaa anaweza kuzisubiri.

#69 MamaMakopa
Nimeijaribu hiyo baada ya kuiona kwa mabwana shamba. Bada inatoka laini, nyeupe, na uchungu haupo. Shida ni wakati wa mvua, huna jua na kivulini unga unaanza kuchacha.

#70 MkulimaWaKusini
Nitaipeleka kwa jirani kesho. MamaMakopa, maji ni kiasi gani kwa kilo ya unga?

#71 MamaMakopa
Usipime kwa kikombe. Weka unga kwenye beseni, chora alama ulipofikia, ongeza maji huku unachanganya. Utaona kwanza unashuka, kisha unapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Na nyavu ya mbu juu yake, kuku wako hao wasije wakaonja tena.